Mabaki Yatarudi

Tarehe 9 Machi. Mwaka mmoja na miezi miwili tangu niondoke nyumbani.

Kwako Dada, mwenye cherehani na ulimi wa sindano,

Shikamoo. Mimi mzima, na kama si mzima basi nasimama, na hapa anayesimama huhesabiwa mzima. Natumaini ule mguu wako wa kukanyagia cherehani hauvimbi tena. Msalimie mama mtoto. Mwambie nilimwota anaanua nguo nami nampokea, nikaamka kabla hatujazimaliza. Hata ndotoni napangiwa zamu.

Kazi ni ile ile. Gari linakuja alfajiri, linamwaga mashuka ya hoteli upande huu na ya hospitali upande ule, na kazi yetu ya kwanza ni kuomba yasichanganyike. Mvuke ukitanda humwoni aliye ubavuni mwako. Tunajuana kwa vikohozi. Msimamizi wetu tunamwita Birika, kwa sababu hukaa kimya hadi achemke, kisha hupiga mluzi jengo zima lisikie. Sasa hivi ameniondoa kwenye rola. Rola ni yale magogo mawili ya chuma cha moto yanayomeza shuka likiwa limejikunja na kulitema limenyooka. Nimepelekwa mezani kukunja foronya. Wenzangu wanasema nimepandishwa cheo. Nami nasema hivyo hivyo.

Mkataba uliisha Januari, najua, na najua kwamba unajua. Nimeongeza kidogo. Kazi ni nyingi. Kama nilivyokuandikia Februari kwenye kile kikaratasi, simu iliangukia pipa la sabuni. Ilitoka safi kabisa, lakini maiti. Kwa hiyo tuandikiane kama mababu.

Sasa tuje kwenye lililonikaba. Unaniandikia kwamba Baba Mdogo Yaani anataka mwanangu aitwe Shear-yashubu. Dada, nimelisoma mara tatu nikidhani uliandika ukiwa umebana pini midomoni. Hilo ni jina, au ni mtu amepiga chafya akiwa na maji mdomoni? Mtoto ana miezi minane. Akitambaa kuelekea jikoni, mpaka umalize kumwita atakuwa ameshaungua.

Namjua Baba Mdogo. Mtu aligawa chaki kwenye stoo ya shule hadi akastaafu, na tangu astaafu anagawa majina. Si ndiye aliyempa binti wa jirani jina ambalo maana yake ni nyuki? "Yaani atakuwa na asali." Hiyo asali nani ameiona? Wenzake huyo binti wanamwita Mwiba. Basi mwambie Maandiko yana majina mafupi pia. Kuna Adamu. Adamu ana kosa gani? Ana moja, lakini ni la zamani.

Tena mwambie mtoto ana baba. Niliahidi mbele yenu wote kwamba mwanangu nitamwita jina mimi mwenyewe, nikiwa nimempakata. Asibatizwe kabla sijafika. Nitafika lini, nitakujulisha.

Mdogo wako,
dobi.


Tarehe 28 Aprili.

Mdogo wangu, Bwana Povu,

Marahaba. Mguu umepona, ulimi haujapona na sitaupeleka hospitali. Wifi yangu mzima. Mtoto ana meno mawili juu na mawili chini, na ameshamng'ata Baba Mdogo kidole. Damu yetu hiyo.

Barua yako imefika Jumanne. Mtoto alibatizwa Jumapili. Ukitaka kumlaumu mtu, mlaumu mwenye baiskeli ya posta. Ulisema Januari, tukangoja. Ukasema mvua zikipungua, zikapungua hadi zikaisha, tukangoja. Mtoto akaanza kugeuka ukimwita "We!" kwa sababu hilo ndilo jina alilolijua. Mchungaji akasema, "Mama, mtoto si kiporo, hawekwi hadi kesho." Ndipo tukaenda.

Ungekuwepo ungecheka hadi utolewe nje. Mchungaji alimshika mtoto, akainamisha sikio: "Jina?"

Baba Mdogo akasimama, koti lile lile la kahawia, vifungo vya kwangu. "Shear-yashubu."

"Nani?"

"Shear. Yashubu."

"Ni wawili?"

"Ni mmoja, Mchungaji! Yaani, ni mwana wa nabii Isaya. Yaani, mwana wake halisi, wa kumzaa."

Mchungaji akajaribu mara mbili, mara ya tatu akamwaga maji na kulisema kwa kasi kama mtu anayeruka dimbwi. Mtoto akapiga chafya. Jumanne niliposoma barua yako nikaikumbuka chafya hiyo.

Baada ya ibada watu wakamzunguka Baba Mdogo kuulizia maana. Naye si unamjua, alikuwa anangoja hilo tangu wiki iliyopita. "Shear, yaani mabaki. Yashubu, yaani yatarudi. Mabaki yatarudi!"

"Mabaki ya nini?" akauliza mama mkwe wako. "Ya chakula?"

"Ya watu! Yaani, vita imekuja, watu wametawanyika, wengi wamepotea, lakini waliobaki watarudi."

Nami sikuweza kujizuia, mimi ni fundi. Nikamwambia, "Baba Mdogo, kwangu mimi mabaki ni vipande vya kitambaa chini ya meza. Na kitambaa kikirudi, maana yake kimefuliwa kikawa kifupi. Sasa mabaki yenyewe madogo, tena yarudi! Si hayatatosha hata leso?"

Watu wakaangua kicheko. Baba Mdogo akatoka jasho hadi kwenye ukosi. "Yaani, si kurudi huko!"

Mama mkwe wako akaona asipitwe. "Labda ni kurudi kwa fimbo. Mtoto akikosea si hurudiwa na mzazi wake? Basi huyu yeye ndiye atamrudi baba yake." Hapo hakucheka mtu isipokuwa yeye.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Kwenye cheti ni Shear-yashubu. Uani wanamwita Mabaki. "Mabaki kala? Mabaki kalala?" Anaitikia, tena kwa furaha.

Sasa na mimi nina swali. Mwandiko wako una nini? Ile barua imeandikwa kama kuku aliyekanyaga wino akifukuzwa. Nilimwambia wifi labda meza yako ni mbovu. Aliichukua barua akaenda nayo dirishani penye mwanga, akakaa nayo muda mrefu kuliko urefu wa barua yenyewe.

Na lile shati nililokushonea la safari, bado unalo?

Dada yako.


Tarehe 6 Juni. Mwaka mmoja na miezi mitano.

Dada,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo, na huyo Mabaki wenu hajambo. Hapa bomba moja la mvuke lilipasuka, hakuumia mtu, alilia Birika peke yake. Nakunja foronya. Nimekunja nyingi kiasi kwamba usiku nikifumba macho nakunja kope.

Mmenibatizia mtoto nyuma ya mgongo, halafu mnaniandikia na vicheko ndani yake. Asante. Aliye mbali hana kauli. Ana pole na salamu.

Nilikasirika, kisha nikaona nikasirike vizuri, kwa kujua. Mwenzangu wa chumba, fundi wa boila, ana Maandiko yaliyotoka majalada. Nikayaazima nikamtafuta huyo Shear-yashubu. Mimi niliishia darasa la sita, najua, lakini kusoma kwa kidole sikuacha. Dada, unajua yule mtoto anafanya nini katika hadithi nzima? Hafanyi lolote. Hasemi neno. Hata kukohoa hakohoi. Baba yake anaambiwa: mchukue mwanao, nendeni mkakutane na mfalme. Anachukuliwa, wanaenda. Baba anahubiri, mfalme anasikiliza au hasikilizi, na mtoto kasimama pembeni na jina lake. Basi. Yule si mtoto, yule ni bango! Amechukuliwa ili mfalme akiuliza "Na huyu ni nani?", ajibiwe "Mabaki Yatarudi", imchome.

Sasa nauliza: bango la mwanangu mmelipaka ili alisome nani? Kwa sababu mfalme katika mtaa wetu hayupo. Aliye mbali ni mimi.

Tena sikia hili, Baba Mdogo hakuwaambia kwa sababu hakulijua. Unajua walikutana wapi na mfalme? Kwenye mfereji wa birika la juu, katika njia ya uwanja wa dobi. Situngi. Dobi! Na Birika! Nikamsomea fundi wa boila, akacheka hadi akaangusha kikombe. "Hata wewe umo humu," akaniambia, "na msimamizi wako yuko juu yako, kama kawaida."

Lakini usiku sikucheka. Nililigeuza lile jina huku na huku. Mabaki yatarudi. Kuna siku linasikika kama mtu anakufuta machozi: usiogope, hawataisha wote. Kuna siku linasikika kama mtu anakutisha: watakaorudi ni mabaki tu, usitegemee zaidi. Ni maneno mawili tu, nayo hayataki kusema ni ahadi au ni tishio. Nabii naye aliondoka bila kufafanua. Mngempa mtoto jina lisilo na pande mbili.

Kuhusu mwandiko: meza ina mguu mfupi. Tumeweka kipande cha sabuni chini yake, sabuni nayo inaisha.

Kuhusu shati: ninalo. Nililitupia kwenye mashine ya maji ya moto pamoja na taulo za hospitali, kwa haraka. Limerudi. Mikono imeishia kwenye viwiko, makwapa yamekuwa ya mtoto. Samahani.

Kuhusu kuja: mwisho wa mwaka, tutaona.

Dobi.


Tarehe 19 Julai.

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima. Leo sina salamu ndefu, nina nguo za harusi za watu mezani na hasira kifuani.

Dobi wa mwaka na nusu anafua pamba kwa maji ya moto kwa haraka! Haraka ya wapi? Mtu anayenijua mimi, anayejua nilikesha na lile shati, analichanganya na taulo? Usilitupe. Nasema tena, usilitupe.

Sasa nikuambie nilichokatazwa kukuambia. Baba Mdogo hakulichagua lile jina. Yeye alikuja na majina mawili, kwa kuwa nabii alikuwa na wana wawili. Aliyemtaka yeye ni yule mdogo, kwa sababu ana jina refu zaidi: Maher-shalal-hash-bazi. Wifi akamwambia, "Baba, hilo ni jina au ni treni inapita?" Baba Mdogo akasema, "Yaani, mateka haraka, nyara upesi!" Wifi akauliza, "Na la yule mwingine lina maana gani?" Akaambiwa.

Mdogo wangu, wifi alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini. Akasema, "Hilo hilo."

Hiyo ilikuwa Februari, jioni ya siku kilipofika kile kikaratasi chako cha simu na pipa. Mimi nilikisoma nikacheka kuhusu simu. Yeye hakusoma maneno. Alitazama herufi. Baba Mdogo alipoondoka, wifi akatoa barua zako za mwaka jana kutoka chini ya godoro, akazilaza pamoja na ile mpya juu ya meza yangu ya kukatia. "Tazama, wifi. Hizi za zamani zinalalia kulia, kama watu wanaotembea kwenye upepo. Hii inaangukia kushoto. Huyu ameandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uko wapi?"

Nikamwambia, "Labda wa kulia anafulia."

Akasema, "Usinichekeshe."

Hakulia. Angelia ningekuambia, ili ikuume. Alisema hivi, nami nanakili bila kuongeza, ingawa unajua napenda kuongeza: "Niliolewa na mtu mzima. Kama amebaki kipande, basi kipande hicho kirudi. Mtoto ataitwa hivyo kila siku, na baba yake atalisikia hata akijificha."

Ulipoandika mara ya kwanza kwa hasira, nikadhani umeelewa, nikakuuliza mwandiko kama asiyejua. Ya pili umesoma Maandiko yote na bango umeliona, umelisoma, kisha ukajibu kuhusu mguu wa meza! Umeuliza ni ahadi au ni tishio. Kwa wifi ni yote mawili, na hakukosea. Mfalme katika mtaa wetu hayupo, umesema. Yupo. Ni huyo anayejificha nyuma ya sabuni.

Mtoto amesimama juzi, ameshika ukingo wa cherehani, akatembea hatua zake za kwanza hadi kwa mteja wangu, mwanamume, akamkumbatia mguu. Mteja akaona haya. Wifi akaingia ndani.

Kwa hiyo sitaki hadithi. Nina swali moja, fupi kuliko jina la mwanao. Kipi hakipo?

Dada yako.


Tarehe 30 Agosti. Mwaka mmoja na miezi minane.

Dada yangu,

Shikamoo. Mshike wifi yako mkono, umsomee mwenyewe, au asome yeye, wewe umshike mkono.

Havipo vitatu. Cha shahada, cha kati na kinachofuata, mkono wa kulia. Vimebaki dole gumba na kidole kidogo, wanaangaliana kama majirani waliobomolewa nyumba ya katikati. Ilikuwa Januari, wiki ya mwisho ya mkataba, begi nimeshalifunga. Shuka la hoteli, jeupe, lilikunjana pembeni, nikalinyoosha kwa mkono kama ninavyofanya siku zote, na rola haina cha kukosea, kazi yake ni kumeza na kunyoosha. Birika alifika akipiga mluzi. Akatazama, akasema, "Pole sana." Kisha akasema, "Shuka lile halitumiki tena." Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyo, anaona mashuka.

Simu haikuanguka popote. Niliizima. Mama mtoto angetaka kuniona, angesema "inua mkono umpungie mwanao." Na nikipunga mkono wa kulia siku hizi, watu wanadhani nawaambia wanipigie simu. Machi nilimpungia dereva wa gari la mashuka, akanijibu, "Namba yako sina!" Cheka. Mimi nilicheka baadaye, baada ya miezi.

Kwa nini sikuja? Dada, dobi hana cheti ukutani, ana mikono. Niliondoka nikisema nakwenda kutafuta, nikaona nitawarudia na upungufu. Mtu akienda sokoni na kikapu kizima hawezi kurudi na mkono wa kikapu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nikakaa hapa nakunja foronya kwa mkono wa kushoto, nikijifanya namalizia kazi, na kazi haina mwisho, watu wanalala kila siku.

Lakini kilichonikwamisha hasa si hicho. Niliahidi kumwita mwanangu nikiwa nimempakata. Sikujua kama nitaweza kumshika. Mtoto si shuka, huruka ruka, na mkono huu una mwanya katikati. Niliogopa nimwangushe mbele yenu wote, na jina lenyewe bado halijaniisha mdomoni.

Barua yako ilipofika nilisoma pale ulipoandika kuhusu mguu wa mteja. Nikaikunja. Nikaenda mezani, nikachukua mto, nikaujaza ndani ya foronya pamoja na mito mingine miwili hadi ukawa mzito kama mtoto wa mwaka, nikaupakata. Nikazunguka nao meza. Nikauhamisha kutoka kushoto kwenda kulia. Umeshikika, Dada. Dole gumba huku, kidole kidogo kule, na kiganja bado kipo, kiganja hakikwenda popote. Birika akaingia akanikuta nambembeleza mto. Akauliza, "Unafanya nini?"

Nikasema, "Nafanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya Shear-yashubu."

Akaondoka bila mluzi. Nadhani anaogopa wendawazimu unaambukiza. Kesho yake nikamwambia naacha kazi, akanipa mkono, akachagua wa kushoto mwenyewe. Kwa hilo nimemsamehe lile shuka.

Mwambie Baba Mdogo Yaani jina ni zuri. Usimwambie kwamba nimesema mimi. Ataanza kunipa na mimi jina. Mwambie mama mkwe fimbo yake imefika, nimerudiwa, inatosha. Na mwambie mama mtoto kwamba bango nimelisoma. Nimelisoma kwa kuchelewa, herufi moja moja, kama ninavyosoma kila kitu. Asiliondoe. Kama ni tishio, nimetishika. Kama ni ahadi, aishike yeye mwisho mmoja, mimi huu mwingine, kwa vidole vilivyopo.

Shati lako sikulitupa. Nimelipima jana kwa macho juu ya ule mto. Linamtosha mtoto wa miaka miwili au mitatu, ukikunja ukosi. Nimelifunga juu kabisa kwenye begi, lisikunjamane.

Limerudi, Dada. Na mimi narudi: Jumamosi ya pili ya Oktoba, gari la asubuhi. Mleteni kituoni, na mtu yeyote asimwite kabla sijashuka.